Askofu Juu ya Paa

Nianze na aibu yangu ndiyo tusonge pamoja. Mwaka jana nilikula pesa za kikundi cha vijana cha kanisani kwetu. Sikuvunja mlango wa mtu. Nilikuwa mweka hazina, pesa zilikaa kwa simu yangu, na wiki yangu ilikuwa mbaya. Shilingi 6,200. Nilijiambia nakopa tu, Ijumaa nitarudisha. Ijumaa ikaja na shida zake.

Wakati huo nilikuwa na sifa moja tu: msee asiyechoka. Asubuhi darasani, mchana nauza mitumba Embu mjini, usiku naediti video, Jumapili niko kwa kinanda. Watu walikuwa wananiita mashine, na wacha niseme ukweli, nililipenda hilo jina. Nikaamua deni nitalilipa kwa njia ile ile, kwa kukimbia zaidi. Nikalala saa tatu kwa siku. Nikaposti kuhusu nidhamu na kuamka mapema, huku naogopa kila simu ikilia isiwe ni mwenyekiti anauliza salio.

Halafu jioni moja nilipanda matatu ya kwenda juu, na ilipofika steji sikuweza kushuka. Miguu ilikataa. Makanga akanishika mkono kama mzee. (Kwa wale wa Nairobi: nikisema Manyatta simaanishi ile ya Kisumu. Nasema Manyatta ya Embu, huku kwa majani chai na baridi, ukiendelea kupanda unakutana na msitu wa mlima.) Badala ya kwenda kwangu nikaenda kwa Cucu.

Cucu ana miaka karibu 80. Akaniwekea chai, akanitazama sana, akauliza, "Mwana wakwa, nguvu zimeisha?"

"Zimeisha, Cucu."

"Basi Ngai apewe sifa."

Nilikasirika. Nimechoka na hii lugha. Huna kazi, muachie Mungu. Karo imepanda, muachie Mungu. Mgonjwa hana dawa, muachie Mungu, na anayekuambia hivyo ana bima. Nikamuuliza Cucu, kwa heshima lakini kwa ukali kidogo, hayo maneno aliyatoa wapi. Akasema, "Kwa Ahonoki," akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Ahonoki ni waliookoka. Nilikuwa nasikia hilo neno tangu utotoni na nikidhani ni wazee tu wanaopenda kuimba polepole. Nikaanza kusoma. Ninachowaandikia leo ni kile nilichokipata, na nawaambia mapema kwamba si stori ya watu waliokaa chini wakingoja muujiza.

Inaanzia mbali na hapa, Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na ziwa Muhazi. Mwaka wa 1928 daktari kijana Mwingereza anaitwa Joe Church, msomi wa Cambridge, alifika hapo kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya CMS. Alikuja na moto. Kisha ikaja njaa kubwa ya 1928 na 1929, watu wakafa kwa wingi, wengine wakihama kwa miguu kuelekea Uganda. Fikiria wewe ndiye daktari, wagonjwa wanajaa uani, chakula hakuna. Church alifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: aliongeza bidii. Akachoka mpaka mwisho. Na kilichomuumiza zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, haikuwa kazi. Ilikuwa kugundua kwamba anahubiri kitu ambacho ndani yake hakipo.

Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Pale kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu, akamkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Ndiyo, nduthi. Jina lake Simeoni Nsibambi, mtu wa familia yenye mashamba, aliyefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Nsibambi naye alikuwa na kiu ile ile. Wakakaa pamoja siku mbili, wanasoma Biblia, wanafuatilia kila mahali inapomtaja Roho Mtakatifu, wanaomba. Mzungu daktari na Mwafrika mfanyakazi wa serikali, mwaka wa 1929, wakati wakoloni wengi hawangekubali hata kula meza moja na mtu mweusi, wanaambiana wazi kwamba wameishiwa.

Mimi hapo ndipo nilisimamisha kusoma nikatoka nje. Historia tuliyofunzwa shuleni ina misheni nyingi: fulani alifika mwaka fulani, akajenga shule, akatafsiri kitabu. Hakuna mahali tuliambiwa kwamba uamsho mkubwa zaidi wa Kikristo Afrika Mashariki ulianza kwa watu wawili kukiri kwamba hawana kitu.

Nsibambi akaacha kazi akawa anahubiri bila mshahara. Church akarudi Gahini. Usidhani mambo yalinyooka. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa ameenda Gahini kufundisha, na miaka ya kwanza palikuwa na mvutano mwingi pale hospitalini, wafanyakazi na viongozi hawaelewani, wazungu na Waafrika wanashukiana. Kilichobadilika kuanzia mwisho wa 1933 ni kwamba watu walianza kusema kweli mbele ya wenzao. Kwa majina ya vitu, si kwa mafumbo. Nilichukua blanketi ya hospitali. Nakuchukia. Nimekudharau kwa sababu wewe ni mweusi. Hilo la mwisho lilitoka kwa wamisheni, na kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu kweli.

Kigozi alifariki Januari 1936, bado kijana, na kifo chake kikafanya moto usambae badala ya kuzima. Waganda wakawaita hawa watu Balokole, waliookoka. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ukavuka mipaka yote, na mpaka leo ukienda kwa mazishi huku Embu utausikia ukiimbwa na watu ambao hawajui neno lingine la Kiganda.

Sasa, wanahistoria watakuambia fundisho lenyewe halikuzaliwa Gahini. Kuna mji mdogo Uingereza unaitwa Keswick ambako tangu 1875 Wakristo walikuwa wakikutana kila mwaka kufundishana kwamba maisha matakatifu hayaji kwa kukaza misuli bali kwa kujitoa kwa Kristo. Church alikuwa amelelewa katika hali hiyo. Sawa. Lakini Keswick ilikuwa mkutano wa watu wa tabaka la kati wanaokwenda likizo kando ya ziwa, wanaguswa, wanarudi nyumbani. Kilichoongezwa huku kwetu ni wenzako. Huwezi kusema umemwachia Mungu halafu mbuzi wa jirani bado yuko kwa zizi lako. Balokole walirudisha mbuzi. Walirudisha pesa, wakaenda kwa wakubwa wao kazini kukiri wizi. Neno lao lilikuwa kutembea nuruni. Na ile hali ya kukubali kwamba nguvu zako na heshima yako vimefika mwisho waliiita kuvunjika.

Na jambo hilo likarudi Ulaya limebadilika. Mwaka wa 1947 timu iliyokuwa na Waafrika ndani yake, William Nagenda akiwemo, ilikwenda Uingereza kuhubiri, na mhubiri Mwingereza Roy Hession akaguswa mpaka akaandika kitabu kidogo, The Calvary Road, ambacho bado kinasomwa duniani kote. Wengi wanaokisoma huko Marekani hawajui mizizi yake iko kwenye vilima vya Rwanda na Uganda.

Si kila mtu alifurahi, hasa wakubwa. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu ya kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Na tuseme ukweli, Balokole walikuwa wasumbufu. Walikuwa wanamuuliza askofu kama ameokoka. Hata Cucu ana hiyo tabia. Alimuuliza dereva wa bodaboda wiki iliyopita, akiwa bado amekaa nyuma.

Kenya walifika 1937, kwa mkutano wa Kabete. Kutoka Kabete uamsho ukapanda Kiambu, Murang'a, ukazunguka mlima. Huku kwetu CMS walikuwa wameshajenga misheni Kigari karibu na mwaka wa 1910, miaka michache tu baada ya Waingereza kuiteka Embu kwa bunduki mwaka wa 1906. Ukipita Kigari leo utaona chuo cha walimu na miti mikubwa, na utadhani ni mahali palipokuwa na amani siku zote.

Hapa ndipo historia inakuwa yetu, na inakuwa nzito.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kila mtoto wa shule anajua hiyo tarehe kwa sababu ni sikukuu. Kile ambacho hatukisemi sana ni jinsi Embu ilivyobanwa. Katika hesabu ya serikali, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa kundi moja la washukiwa. Operesheni ya Nairobi ya Aprili 1954, ile waliyoiita Anvil, ilikamata watu wa makabila haya matatu kwa maelfu. Mwaka huo huo watu wakaanza kung'olewa kwenye boma zao na kuingizwa kwa vijiji vyenye ua na mitaro ya miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja katika nchi yote ya mlima walihamishwa. Kando ya msitu serikali ilichimbisha mtaro mrefu kuzuia wapiganaji wasipate chakula. Waliouchimba ni wanakijiji, bila malipo, wengi wao wanawake.

Cucu alikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Anakumbuka nyumba yao ikiwaka na mama yake akiwa amebeba chungu kichwani. Mama yake alikuwa Muhonoki.

Hao Ahonoki walijikuta katikati. Upande mmoja, Mau Mau walikuwa wanalisha watu kiapo, na asiyekula ni msaliti. Upande wa pili, serikali ilikuwa inaunda homugadi na kuwapa watu silaha, na asiyechukua anashukiwa kuwa ni Mau Mau. Ahonoki wengi walikataa vyote viwili. Kiapo walikikataa kwa sababu walisema damu ya Yesu inawatosha, hawawezi kuchanganya na nyingine. Bunduki waliikataa kwa sababu walisema hawawezi kumhubiri mtu leo na kumpiga risasi kesho. Walipigwa na hawa, wakafungwa na wale. Wengine waliuawa usiku mbele ya watoto wao. Wapo waliolala kwa jirani kila usiku nyumba tofauti, na waliendelea kukutana kwa felosh wakijua wanahesabiwa.

Nimefikiria sana kuhusu hiyo. Sisi tukisema nategemea nguvu za Mungu huwa tunamaanisha nangoja kupata kitu: kazi, visa, mchumba, subskraiba. Hao watu walimaanisha nimeacha kitu ambacho kingenilinda. Bunduki ilikuwa pale, ya bure, pamoja na upendeleo wote wa serikali: ardhi, biashara, karo ya watoto. Wakaiacha, na hakuna aliyewaahidi kwamba watapona.

Ukitaka kuona kumbukumbu yao, panda gari uende Murang'a, kupitia Sagana si mbali. Kuna kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, lililojengwa katika miaka hiyo ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa. Ndani kuna michoro mikubwa mitano ukutani, kazi ya Elimo Njau, msanii kutoka upande wa Kilimanjaro, Tanzania. Yesu ni mweusi. Anazaliwa kwenye mazingira ya Kikuyu, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anaomba Gethsemane, anasulubiwa kati ya vilima vinavyofanana na vyetu. Nilisimama mbele ya ile ya Gethsemane muda mrefu. Huyo si mtu mwenye nguvu. Ni mtu anayeomba jambo liondolewe, na haliondolewi.

Lakini siwezi kuwaacha hapo, kwa sababu posti hii ingekuwa ya uongo.

Uhuru wenu na wangu haukuletwa na Ahonoki. Walioingia msituni, waliofungwa kambini, walionyongwa zaidi ya elfu moja kwa amri ya mahakama za wakoloni, hao ndio waliolifanya jambo hilo lisiwezekane tena kwa Mwingereza. Na wao pia waliomba. Waligeukia Kirinyaga, mlima ule ule ninaouona asubuhi nikifungua mlango, wakamwita Ngai. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Wengine wao ni babu na nyanya zetu. Mjukuu wa Mau Mau akiniuliza, "Hao wenu waliotegemea Mungu walitusaidia na nini?" sina jibu la haraka. Mimi ni mtu wa bando na kitanda chenye joto, siwezi kumhukumu aliyekula kiapo kwa sababu ya shamba lake, wala aliyekataa kwa sababu ya dhamiri yake. Katika ukoo wangu wako wote wawili. Cucu anasema baada ya vita walikaa meza moja kwenye harusi na hakuna aliyetaja. Labda hilo ndilo tatizo letu huku mlimani, kutotaja.

Na kuna lawama nyingine juu ya watu wa uamsho, hii inatoka ndani ya kanisa. Baada ya uhuru wengi wao walisema siasa ni uchafu, sisi ni wa mbinguni. Viongozi wakaiba, wao wakaimba. Ukitaka kuona jinsi "muachie Mungu" inavyoweza kugeuzwa kuwa kitambaa cha kufunika mdomo, angalia miaka hiyo.

Ndiyo maana namleta Gitari.

David Gitari alizaliwa Kirinyaga mwaka wa 1937, mwaka ule ule uamsho ulipoingia Kenya, mtoto wa mwinjilisti. Mwaka wa 1975 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Mount Kenya East, ambayo ilichukua Kirinyaga, Embu, Meru na kwenda mpaka kaskazini kwenye jangwa. Kwa hiyo alikuwa askofu wa Cucu. Dini yake ilikuwa ya kiinjili kabisa, Biblia mkononi, lakini alikataa kuigawa dunia mara mbili. Mwaka wa 1988 KANU ilifanya ule uchaguzi wa mlolongo, watu wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na mwenye foleni fupi anatangazwa mshindi mchana kweupe. Gitari akasema kwenye mimbari kwamba huo ni wizi. Alisema kwa kutumia Biblia, kitabu cha Danieli kikiwa kipenzi chake, na magazeti yakachapisha.

Aprili 1989, usiku, genge la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Wanavunja madirisha, wanavunja milango. Askofu hana bunduki, hana mlinzi wa maana. Unajua alifanya nini? Alipanda juu ya paa akapiga kelele. Akawaita majirani kwa sauti yake yote. Na majirani wakaamka, wakaja, wavamizi wakakimbia.

Sijui kwa nini hii stori haifundishwi kila shule ya Jumapili. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko mahubiri yoyote. Kwa sababu mimi nilikuwa nimeelewa vibaya pande zote mbili. Nilidhani kutegemea nguvu zako ni kufanya kitu, na kutegemea za Mungu ni kutofanya kitu. Gitari aliomba, na alipanda paa. Tofauti yake na mimi ni kelele. Mtu anayetegemea nguvu zake mwenyewe hapigi kelele, maana kelele inatangaza kwamba ameshindwa. Angebaki chumbani akisukuma mlango peke yake. Mimi nilibaki chumbani nikisukuma mlango miezi minne.

Gitari baadaye akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana Kenya, 1997 hadi 2002, akafariki 2013. Huko kwa wavuti utapata watu wanabishana kama alikuwa mwanasiasa kwa joho. Waache wabishane.

Agosti 2021, hapa hapa kwetu, Kianjokoma, ndugu wawili walikamatwa na polisi usiku wa kafyu wakapatikana wamekufa. Wale wa hapa mnakumbuka hiyo wiki. Watu waliomba, na watu waliingia barabarani, na mara nyingi walikuwa watu wale wale. Maafisa 6 wakashtakiwa kwa mauaji. Wakati huo niliona komenti za watu wa mbali wakisema Wakristo wa Embu wangetulia wamwachie Mungu. Nikikumbuka hizo komenti sasa, nafikiria paa la Kirinyaga.

Turudi kwa Paulo kidogo, kwa sababu wote tunamnukuu vibaya. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, anasimulia kuhusu mwiba mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe. Jibu alilopewa ni kwamba hautaondoka, ila neema itamtosha, na kwamba pale anapokuwa dhaifu ndipo nguvu ya Kristo inapokaa juu yake. Hayo tunayaweka kwa stika za magari. Lakini sura moja nyuma, ya 11, amejaza orodha ya alivyochapwa, alivyovunjikiwa na meli, alivyokesha. Na huyu ni fundi wa mahema, anayefanya kazi kwa mikono. Hakuna uvivu hapo. Na aliandika udhaifu wake kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima. Hicho ndicho kinachonishika. Angeweza kumwambia Mungu peke yake. Aliwaambia watu, tena watu waliokuwa wanamdharau.

Sisi kizazi chetu tuna ukweli mwingi sana kwa Mungu na uongo mwingi sana kwa wenzetu. Tunalia kwa chumba, tunaposti tukicheka. Nimefanya hiyo kazi, najua taa inawekwa wapi.

Nikarudi kwa Cucu wiki mbili baadaye na daftari langu la historia. Nikamsomea kuhusu Nsibambi na pikipiki. Akacheka. Nikamsomea kuhusu mbuzi waliorudishwa. Hakucheka. Akaweka miwani yake chini, akauliza kwa utulivu, "Na wewe mbuzi wako yuko wapi?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu pesa. Sitasema ni unabii. Cucu amelea watoto saba, anajua uso wa mtu mwenye deni. Nikamweleza. Hakutoa mahubiri. Wala hakutoa pesa, na naomba mjue kwamba pesa alikuwa nazo, za majani chai, bonasi ilikuwa imeingia. Alisema tu kwamba felosh ya wazee ni Alhamisi, lakini yangu si ya wazee, niende kwa wenzangu.

Kikao cha vijana kilikuwa Jumapili baada ya ibada, tuko kama ishirini hivi, wengine wameshashika mifuko waende. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri yenye Gahini na Kabete na Murang'a ndani yake. Sikuisoma. Nilisema, "Nilitumia pesa zetu, 6,200, na nimewadanganya mara tatu kuhusu salio." Sauti yangu ilikuwa mbaya. Kukawa kimya, ile kimya unasikia mtu anatafuna mandazi nje.

Msichana mmoja akasema ana hasira, na ana haki, kwa sababu yeye alikuwa amechanga kutoka kwa pesa ya nauli. Mwenyekiti akasema sitakuwa mweka hazina tena. Jamaa mmoja ambaye sijawahi kumpenda sana, kusema kweli, akanifuata nje akaniambia yeye pia ana deni la app nne na nyumbani hawajui, akaniuliza kama Cucu wangu anaweza kuongea naye.

Nimelipa 4,500. Ninalala saa saba. Jumamosi nimeacha kuuza mitumba, kwa hiyo inalipika polepole. Jina langu liko kwenye orodha ya grupu la WhatsApp, mstari wa tatu, na mbele yake imeandikwa 1,700, na kila mtu anaiona.